Jirani Kasogeza Mpaka wa Kihamba? Fuata Mpangilio Huu

Disemba ikifika, mabasi ya kwenda Moshi, Machame na Rombo yanajaa, na migogoro ya mipaka nayo hushuka na abiria. Mtu amekaa Dar es Salaam mwaka mzima, anapanda kihambani, kwenye shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kula sikukuu, asubuhi anazunguka chini ya migomba na mswaki mdomoni, anakuta masale, mimea inayopandwa kuwa alama ya mpaka, hayako alipoyaacha. Kufika jioni ukoo mzima umeshaambiwa kuwa jirani ni mwizi. Januari yeye anarudi mjini, na wazazi ndio wanaobaki na ule uhasama: mfongo (mfereji wa maji) mmoja, njia moja ya kwenda gengeni, kanisani benchi moja.

Nimeandika kwa ajili ya vihamba vya mteremko wa Kilimanjaro kwa sababu mipaka ya huko ina namna yake, lakini hatua za kisheria ni zilezile kwa ardhi ya kijiji popote Tanzania Bara. Ninachosisitiza zaidi ni mpangilio. Migogoro mingi ya mpaka huharibika kwa sababu mtu ameanzia katikati. Ameanza na panga, au na polisi, au na wakili, wakati hata yeye mwenyewe hawezi kusimama akaonyesha mstari ulipita wapi.

1. Usiguse kitu, piga picha

Usirudishe sale mahali pake. Usikate mgomba, usizibe mfongo, usiweke waya. Ukigusa, ushahidi wote wa pale chini umekuwa kazi ya mikono yako, na jirani atasema hivyohivyo kwenye kikao. Zaidi ya hapo, kung'oa au kusogeza alama ya mpaka kwa nia ya kudhulumu ni kosa la jinai, na hutaki kuwa wa kwanza kushtakiwa kwenye ugomvi ambao wewe ndiye unayelalamika.

Piga picha ya kila kona, lakini kila picha iwe na kitu kisichohama: kona ya nyumba, kaburi la babu, mringaringa mkubwa. Picha ya sale peke yake katikati ya majani haimwambii mtu chochote. Kisha chukua futi ya fundi, pima kutoka kwenye kitu hicho hadi mpakani, uandike: kutoka kona ya jiko hadi sale la kwanza, mita kadhaa. Makaburi yanasaidia sana hapa. Hakuna anayethubutu kuhamisha kaburi, na kila mtu anajua lilichimbwa mwaka gani.

Programu ya simu inayoonyesha mahali ulipo usiitegemee. Penye uwazi simu ya kawaida inakosea mita tatu hadi tano, na chini ya migomba na miti mikubwa inakosea zaidi. Ugomvi wa kihambani kwa kawaida ni wa mita moja na nusu.

2. Isome ardhi kabla hujamhukumu mtu

Hapa chukua muda wako, maana nusu ya "wizi" wa mpaka unaisha hapahapa.

Anza na migomba. Mgomba haukai pale ulipopandwa. Mgomba mama ukishazaa mkungu hukatwa, machipukizi yanatoka pembeni, na kila kizazi kinasogea kidogo. Acha miaka mingi bila kupunguza machipukizi, utakuta mgomba wa mshare uliopandwa upande wa jirani umeshavuka na kusimama kwako, na hakuna aliyelala na jembe usiku. Fukua kidogo kwa mkono. Ukikuta visiki vilivyooza vinaanzia upande wake na machipukizi machanga yanakuja upande wako, hiyo migomba imetembea. Ukikuta shimo jipya, la duara, lina samadi ya ng'ombe na udongo wa chini umetupwa juu, hapo mtu amepanda.

Halafu masale. Sale ni rahisi kulipanda: unakata kipande cha shina, unakichomeka ardhini, kinaota. Ndiyo maana wazee walilichagua, na ndiyo maana ni rahisi kuchezewa. Lakini umri wake haufichiki. Sale la zamani lina shina nene na gumu, lina makovu ya mviringo ya majani yaliyodondoka tangu chini hadi juu, na mara nyingi mashina kadhaa yametoka kwenye tako moja. La mwaka jana ni fimbo moja nyembamba, udongo wake bado unabonyea. Mstari ambao kona zote zina masale ya kizee na katikati umejipinda kwa vijiti vipya vitatu unajieleza wenyewe. Pia tafuta kwenye mstari unaodhani ni wa zamani: sale likikatwa halifi kirahisi, huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Funua majani makavu, utayaona machipukizi yake.

Mfongo nao ni mpaka wenye matatizo. Maji yanakula ukingo mmoja na kujaza mwingine, na kila wanaposafisha, matope hutupwa upande mmoja tu, kwa kawaida upande wa chini. Miaka ikipita mfereji umehama. Kama mababu walisema "mpaka ni mfongo," swali lenu ni mfongo wa wakati ule au wa leo, na hilo ni swali la kujadili. Halimfanyi mtu kuwa mwizi. Ni hivyohivyo kwa kingo za matuta zilizoporomoka wakati wa masika.

3. Tafuta watu, kisha karatasi

Kwenye ardhi isiyopimwa, mpaka unakaa vichwani mwa watu. Tafuta jirani wa juu na wa chini, maana mstari wenu haukomei kwenu, unaendelea kwao. Tafuta wazee waliokuwepo kihamba kilipogawanywa. Na tafuta kina mama. Wanaume wa ukoo watakupa historia ndefu ya nani alimpa nani, lakini aliyekata majani ya ng'ombe kwenye ule ukingo kila asubuhi kwa miaka thelathini ndiye anayejua mundu wake ulikuwa unaishia wapi. Vikao vingi vinamsahau kwa sababu ameolewa pale tu. Ni kosa kubwa.

Mzee akikubali, tembea naye polepole, umwache aonyeshe mwenyewe. Usimwambie "si ilikuwa hapa?" Mrekodi kwa simu kwa ruhusa yake, kisha andika alichosema, akisome au asomewe, aweke sahihi au dole gumba, na tarehe. Fanya hivyo hata kama hakuna ugomvi bado. Shahidi wa miaka themanini na tano hatasubiri likizo yako ijayo.

Karatasi ni hizi: hati ya mauziano kama kipande kilinunuliwa, muhtasari wa kikao cha ukoo kilichogawa, wosia, na hati ya hakimiliki ya kimila kama kijiji chenu kilishafikia huko. Hakimiliki ya kimila ni nzuri kwa sababu mipaka yake huhakikiwa majirani wakiwepo na kukubali. Hati za mauziano za zamani zisome kwa makini. "Hatua 70 kwa 40" ni kipimo kizuri, isipokuwa hatukuambiwa ni hatua za nani. Kinachosaidia zaidi kwenye hati hizo ni majina: kaskazini anapakana na nani, mashariki na nani, na mashahidi ni akina nani, kama bado wako hai.

Pia jiulize huyo jirani amekaa kwenye kipande hicho tangu lini. Sheria ya ukomo wa mashauri inatoa miaka 12 ya kudai ardhi. Mtu aliyelima kwa uwazi muda wote huo huku mwenye mali akiona na kunyamaza ana hoja nzito mkononi. Aliyelima kwa ruhusa yako ni habari nyingine, huyo hapati haki kwa kukaa tu. Basi kama baba alimwambia jirani "panda maharage hapo mpaka nitakapohitaji," tafuta aliyesikia, uandike.

4. Hakikisha wewe ndiye unayestahili kudai

Hii inawaangusha wengi. Kihamba ni cha marehemu baba, hakuna aliyefungua mirathi, na mtoto mkubwa anakwenda barazani kwa jina lake. Anashinda kwa hoja, anaanguka kwa sababu hakuwa na haki ya kushtaki. Mali ya marehemu inadaiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa familia nyingi za kijijini kazi hiyo huanzia Mahakama ya Mwanzo: kikao cha ukoo kinapendekeza jina, muhtasari unapelekwa, mahakama inateua.

Na kama unayegombana naye ni ndugu yako, usidhani ni mgogoro wa mpaka. Kwa mila ya Kichaga mtoto wa kiume wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, mkubwa hupewa kihamba kingine, wa katikati wanajitafutia au wanamegewa. Ule mstari ulitamkwa siku moja na baba akiwa amekaa kwenye kigoda. Hapo unachogombania ni mgawo, na mgawo unamalizwa kwenye mirathi na ukoo kwanza.

5. Nenda kwa jirani, mchana, peke yako

Usiende na vijana. Usiende usiku, na usiende baada ya kutoka kilabuni. Usimtumie mtu ujumbe wa simu wenye neno "kuiba," kwa sababu utasomwa mbele ya baraza miezi sita baadaye.

Kama ni mkubwa kwako, maneno yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo, baba Neema. Mimi nina wasiwasi kidogo na kule chini kwenye mfongo. Naona migomba imebanana, na masale mengine siyaoni. Labda mimi ndiye niliyesahau. Naomba siku moja tutembee wote wawili, na mzee mmoja utakayemchagua wewe, tuangalie."

Hujamtuhumu, umeacha nafasi ya wewe kukosea, na umempa yeye kuchagua mzee. Hilo la mwisho lina kazi yake: mzee aliyemchagua mwenyewe hataweza kumkataa baadaye. Wewe utaleta wa kwako.

Kama mlishatukanana tayari, mtangulize mtu. Mila ya sale bado ina nguvu: aliyekosea anapeleka jani la sale kuomba radhi, na anayepelekewa anaona aibu kulikataa. Sisemi ukiri kosa usilolifanya. Lakini kama ulimtukana mbele ya watoto wake, ombea radhi matusi, mpaka utajadiliwa kivyake.

Akikataa kutembea, andika tarehe na aliyekuwepo, uondoke. Usirudi kubishana naye.

6. Kikao kifanyike mpakani

Sebuleni kila mtu ana mpaka wake kichwani. Tembeeni. Awepo balozi au mwenyekiti wa kitongoji, wazee wawili, majirani wa juu na wa chini, wake wa pande zote, na angalau kijana mmoja kila upande, kwa sababu hao ndio watakaoulizwa baadaye. Anzeni kona ambazo hazina ubishi. Kwa kawaida kona mbili za mwisho zinakubaliwa na wote, na ugomvi uko katikati. Vuteni kamba kutoka kona hadi kona, mrudi nyuma, muangalie. Mara nyingi kamba hiyo inamaliza maneno, kwa kuwa kila mtu anaona imepita wapi.

Isipomaliza, fikirieni kugawana kile kipande cha ubishi. Hesabu yangu ni ya kawaida tu: kipande cha mita moja kwa ishirini kinabeba migomba michache, na kesi itakula nauli, siku za kazi na ujirani kwa miaka. Ila usikubali kugawana pale ambapo kipande hicho ndicho njia yako ya kuingia, au ndiko maji yanakopita, au kina kaburi. Hapo simama.

Miti iliyosimama mpakani iamuliwe siku hiyohiyo: parachichi ambalo kivuli chake kinaua kahawa ya jirani, mgrivea ambao mizizi iko huku na matawi kule. Amueni nani anavuna, nani anapogolea, mara ngapi kwa mwaka. Kabla ya kukata mti wowote mkubwa ulizeni ofisi ya kijiji kuhusu kibali, hata kama mti ni wako. Mkoani Kilimanjaro jambo hilo halichukuliwi kirahisi.

Mbege, pombe ya ndizi, ije baada ya sahihi. Makubaliano ya kwenye kata ya tatu ya pombe yana tabia ya kukanushwa asubuhi.

7. Andikeni siku hiyohiyo

Karatasi ya daftari inatosha, ilimradi ina yafuatayo: majina kamili ya pande mbili, kitongoji, kijiji, kata, tarehe, na mstari wenyewe ukielezwa nukta kwa nukta. Usiandike "mpaka ni masale." Andika hivi:

"Mpaka unaanzia kwenye jiwe kubwa lililo juu ya mfongo, unashuka kunyooka mita 14 hadi kwenye sale la pili, unapita mita 2 kushoto kwa mringaringa ukiwa umeelekea chini, unaishia kwenye kona ya ukuta wa mawe wa jirani wa chini."

Wenza wa pande zote waweke sahihi. Watoto wakubwa pia, kama wapo. Nakala tatu: yako, yake, na ya ofisi ya mtendaji wa kijiji ikiwa na muhuri. Picha za siku hiyo zitumwe kwa pande zote mbili palepale.

Kisha pandeni. Masale mapya yapandwe na watu wa pande zote kwa zamu, moja wewe, moja yeye, karibu karibu kiasi kwamba mtu akisogeza moja linaonekana limetoka mstarini. Chini ya kila kona zikeni kitu kisichooza: chupa, kigae, mkaa wa kutosha. Mkaa hauozi ardhini, na mtu anayesogeza sale usiku hana habari kuwa chini kuna chupa. Andikeni kwenye ile karatasi kuwa mmeizika na kwa kina gani. Migomba ikae umbali wa hatua mbili kutoka mstarini kwa kila upande, na machipukizi yanayoelekea mpakani yang'olewe kila msimu.

8. Ikishindikana

Baraza la Ardhi la Kijiji lipo kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Hulazimiki kuanzia hapo, ila mimi ningeanzia hapo, kwa sababu wajumbe wanaweza kufika shambani kwa miguu.

Likishindwa, nenda Baraza la Kata ambako ardhi ipo. Wengi bado wanadhani baraza hili linahukumu. Zamani ndiyo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kazi yake kwenye migogoro ya ardhi ni usuluhishi. Mawakili hawaruhusiwi kuwakilisha mtu hapo. Likishindwa kuwapatanisha linakupa cheti cha kuthibitisha hivyo, na cheti hicho ndicho kinachofungua mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita tangu ulipopeleka shauri bila suluhu, unaweza kwenda wilayani bila cheti. Tunza karatasi inayoonyesha tarehe uliyofungua.

Wilayani kuna mwenyekiti ambaye ni mwanasheria, akikaa na wazee wa baraza. Maombi yako lazima yaeleze ardhi inayogombaniwa ni ipi hasa: iko wapi, ukubwa wake, inapakana na nani pande nne. Eleza kile kipande tu kilichomegwa, usitaje kihamba kizima, vinginevyo unaalika ubishi juu ya ekari ambayo haikuwa na tatizo. Omba baraza litembelee eneo. Ile kazi yote ya hatua ya pili, masale ya kizee na visiki vya migomba, ina maana pale tu watakapoiona kwa macho.

Na polisi je? Kama mtu amekupiga au amekata kahawa yako, ndiyo, fungua jalada. Kwa mpaka wenyewe, kesi ya jinai ya kuingia ardhi ya mtu hukwama pale mshtakiwa anaposema ardhi ni yake, kwa sababu umiliki huamuliwa kwanza kwenye baraza la ardhi. Umetumia pesa na umerudi ulipoanzia.

Kwa mwenye kiwanja kilichopimwa, mjini au kwenye mji mdogo, mambo ni mafupi zaidi. Usilete wazee. Chukua hati na ramani ya upimaji, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri au kwa mpima ardhi mwenye leseni, omba kufufuliwa mipaka, na mjulishe jirani na mwenyekiti wa mtaa siku ya kazi hiyo ili waone bikoni, zile nguzo za mpaka, zikirudishwa. Ukuta uliojengwa vibaya hauhamishi bikoni. Gharama mkubaliane kabla: wengine hugawana nusu kwa nusu, wengine hukubaliana kuwa atakayeonekana amezidi ndiye anayelipa.

Uamuzi wa wilaya usiporidhika nao, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Omba nakala ya hukumu kwa barua siku ileile inaposomwa, na ubaki na nakala ya barua hiyo yenye muhuri wa kupokelewa.